Farasi 25 wa Nini? Uhakiki wa Kipeperushi cha Trekta

Hapa tumezoea kuhakiki vitabu na makala za utafiti. Leo nahakiki kipeperushi cha kuuzia trekta. Usicheke, msomaji. Watu wengi watasoma kipeperushi kama hiki na kulipa maelfu ya dola kwa sababu yake, kuliko watakaosoma tasnifu yangu.

Kipeperushi chenyewe kilinifikia kwa WhatsApp kutoka kwa mjomba wangu. Anaishi Maine, kaskazini-mashariki ya Marekani, jimbo ambalo takriban asilimia 90 ya ardhi yake ni msitu. Amenunua nyumba yenye hekta mbili za miti, na njia ya gari ya mita 100 inayopita katikati ya misonobari mpaka barabarani. Kiangazi anataka kukata nyasi, masika ya baridi anataka kuondoa theluji. Akaniandikia: "Mjomba, wewe si ndiye msomi wa mashine? Nichukue la farasi 25 au 35?"

Namwelewa kwa nini aliuliza hivyo. Alikulia Babati, na kule trekta ni la kulima na kuvuta tela. Jembe la diski likizama kwenye udongo mzito, farasi wachache utawajua tu. Ila theluji si udongo, na njia ya msituni si shamba.

Sasa tukisome kipeperushi. Ukurasa wa kwanza una namba moja kubwa: 25. Uzito wa trekta uko ukurasa wa mwisho, kwa herufi za kutafuta kwa miwani. Hoja yangu ni fupi: kwa kazi ya mjomba, namba hizo mbili zilipaswa kubadilishana nafasi.

Kiswahili chetu cha mtaani kinachangia kutuponza. Mpagazi ana nguvu, betri ina nguvu, injini ina nguvu, zote ni neno moja. Darasani tunatenganisha: kani ni msukumo au mvuto, nishati ni uwezo wa kufanya kazi, na nguvu farasi hupima kasi ya kufanya kazi hiyo. James Watt ndiye aliyekieneza kipimo hicho karne ya 18, akiwauzia injini za mvuke watu waliozoea farasi. Farasi mmoja ni kama wati 746. Kwa hiyo tangu kuzaliwa kwake, namba hii imekuwa namba ya dukani.

Hebu tupige hesabu. Chukua trekta dogo la kilo 800 likisukuma theluji kwa bamba la mbele. Kani ya kusukuma haiwezi kuzidi msuguano kati ya matairi na ardhi. Juu ya theluji iliyoshindiliwa, kizidishi cha msuguano ni kama 0.2. Zidisha 800 kwa 9.8 kwa 0.2, unapata kani ya nyutoni 1,570 hivi. Ukienda mwendo wa mtu anayetembea taratibu, mita moja kwa sekunde, hiyo ni wati 1,570. Yaani farasi wawili na ushei.

Soma tena hapo. Injini ina farasi 25, lakini kwenye theluji ile matairi yanaweza kutumia wawili tu kusukuma. Ukiongeza gesi, magurudumu yatazunguka bure na kung'arisha theluji iwe barafu. Injini ya farasi 35 kwenye mwili wa uzito uleule itakupa kuzunguka bure kwa haraka zaidi.

Na hapo nimedhani magurudumu yote manne yanavuta. Yakivuta ya nyuma tu, ni uzito ulioko nyuma pekee unaohesabika. Lakini ongeza kilo 300, kani inapanda mpaka nyutoni 2,150 hivi. Funga cheni kwenye matairi zikunyanyulie msuguano mpaka 0.4, kani inakuwa mara mbili, injini ni ileile. Matrekta mawili yenye farasi 25 yanaweza kupishana uzito kwa zaidi ya kilo 300, na kipeperushi kinayaweka kama mapacha.

Utasema, je, kama mjomba hasukumi bali anarusha theluji kwa mashine inayozungushwa na shafti ya PTO? Swali zuri, maana hapo nguvu ya injini haipiti kwenye matairi. Njia ya mita 100 kwa upana wa mita 3, theluji ya sentimita 30, ni mita za ujazo 90. Theluji mbichi ina kama kilo 100 kwa mita ya ujazo. Iliyolala na kushuka inafika 300. Tuchukue nzito: tani 27. Kuirusha umbali wa mita 10 kunahitaji itoke kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde, yaani juli 50 kwa kila kilo. Jumla ni juli milioni 1.35. Ukifanya kazi hiyo kwa nusu saa, ni wati 750. Farasi mmoja!

Bila shaka mashine halisi hupoteza nishati nyingi: kukata theluji, kuikokota, kusuguana na bomba. Tuseme inahitaji mara kumi ya hesabu yangu. Bado ni farasi 10. Nikitenda haki, kipeperushi hakidanganyi kabisa: theluji yenye maji, mashine pana ya kukata nyasi, au mashine ya kusaga matawi vitakula farasi wengi. Lakini hapo namba ya kuuliza ni nguvu inayofika kwenye PTO, ambayo siku zote ni ndogo kuliko ya injini.

Malalamiko haya si mapya. Mwaka 1919 jimbo la Nebraska lilipitisha sheria ya kutaka matrekta yapimwe kabla ya kuuzwa huko, baada ya mkulima na mbunge Wilmot Crozier kuchoshwa na trekta lisilofanya kama lilivyonadiwa. Upimaji ulianza 1920 katika Chuo Kikuu cha Nebraska, na nguvu ya kuvuta ilipimwa kwa kuvuta kweli.

Hata hiyo 25 yenyewe ina siri. Kanuni za Marekani za moshi wa dizeli zinakaza kuanzia kilowati 19, sawa na farasi 25 na nusu. Ndiyo maana matrekta mengi madogo yamejazana chini kidogo ya hapo. Juu ya mstari huo mengi hubeba kichujio cha masizi kinachohitaji joto kali kujisafisha, na kazi za dakika 20 asubuhi ya baridi hazikipi joto hilo.

Basi anunue zito kuliko yote? Hapana. Mizizi mingi ya miti iko karibu na uso wa ardhi. Trekta zito kwenye tope la theluji inayoyeyuka hushindilia udongo, na mizizi inakosa hewa. Matairi nayo ni mvutano: yenye meno marefu ya shambani yanachana nyasi, ya bustani yanaziacha salama. Dawa ni uzito unaovulika: kilo za kufunga nyuma wakati wa baridi na kutoa kiangazi, pamoja na cheni.

Nimebakiza kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu hili linaua. Kwenye picha ya jalada, mtu anatabasamu chini ya miti, kijiko cha mbele kiko juu, na fremu ya kinga nyuma ya kiti imekunjwa. Mambo matatu, yote mabaya.

Kijiko kikiinuliwa na mzigo, kitovu cha uzito kinapanda na trekta linakuwa rahisi kupinduka. Ekseli ya mbele inacheza kwenye egemeo la katikati, kwa hiyo mwanzoni trekta linasimama kama baiskeli ya magurudumu matatu, ingawa unaona manne. Tena mzigo wa mbele unanyanyua nyuma, na kwenye matrekta mengi madogo breki ziko nyuma tu. Ukiteremka kwenye barafu hivyo bila kuunganisha magurudumu ya mbele, huna breki.

Fremu je? Uswidi iliilazimisha kwa matrekta mapya tangu 1959, na vifo vya kupindukiwa vikashuka sana. Marekani ina kanuni ya mwaka 1976, lakini inawahusu waajiri. Mjomba akiwa uani kwake hakuna atakayemuuliza. Na msituni kishawishi ni kikubwa, matawi yanagonga fremu, basi mtu anaikunja asubuhi moja na haiinui tena. Fremu iliyosimama na mkanda vinakuokoa pamoja. Ikikunjwa, mkanda unakufunga kwenye chuma kinachokulalia.

Nilimjibu mjomba kwa maswali ya kwenda nayo dukani. Lina uzito gani bila vifaa? Naweza kufunga kilo ngapi nyuma? Cheni zitaenea bila kugusa fenda? PTO inatoa farasi wangapi? Fremu ikisimama ina urefu gani kutoka chini?

Hilo la mwisho ni la kupimia miti. Akate matawi ya njiani mpaka fremu ipite imesimama. Msumeno wa mkono unatosha, na bei yake haikaribii tofauti ya farasi 25 na 35.

Jana kapiga simu. Muuzaji alijibu maswali mawili, la uzito akaenda kulitafuta kwenye kompyuta. Mjomba hajanunua bado. Wikiendi hii anakata matawi.