Majina bila Vitenzi: Tahakiki ya Darasa la Chekechea la Kiyahudi

Mhakiki hafungwi na vitabu peke yake. Lipo tendo la sanaa ambalo hurudiwa kila Ijumaa katika shule nyingi za chekechea za Kiyahudi, ziwe za Israeli, London au New York. Lina wahusika, nyimbo, vifaa na mpangilio wake, kama mchezo wowote wa jukwaani, ila wahusika wake wana umri wa miaka mitatu hadi mitano. Nimeona yafaa sisi walimu wa Kiswahili tulitazame kwa jicho lile lile tulitazamalo ngano na michezo ya kuigiza, kwa kuwa linagusa jambo linalotusumbua sana: lugha huingiaje kinywani mwa mtoto ambaye hajajua kusoma?

Tendo lenyewe ni la kuipokea Sabato, ambayo huingia Ijumaa jua linapokuchwa. Meza hutandikwa kitambaa cheupe, kisha huwekwa mishumaa miwili, kikombe cha maji ya zabibu, na mikate miwili iliyosukwa, iitwayo hala. Mtoto mmoja huwa Baba wa Sabato na mwingine Mama wa Sabato. Kabla ya mishumaa, watoto hutumbukiza sarafu katika kibweta cha sadaka. Neno la Kiebrania ni tsedaka, nalo ni ndugu wa neno la Kiarabu tulilolipokea sisi likawa sadaka, ila katika Kiebrania shina lake laelekea kwenye haki kuliko kwenye huruma. Kisha kikombe hubarikiwa, na baadaye mkate.

Mikate ile hufunikwa. Watoto wakiuliza kwa nini, mara nyingi huambiwa kwamba kwa desturi mkate ndio hutangulia kubarikiwa, lakini usiku huo kikombe huutangulia, kwa hiyo mkate hufunikwa usije ukaona haya. Hapa pana tashihisi safi kabisa, na sijui kama mshairi mzima angeibuni iliyo bora zaidi kwa hadhira ya umri huo. Mtoto akishaifikiria haya ya mkate, hahitaji hotuba juu ya haya ya mwenzake.

Walakini kwangu mimi kilele cha siku si pale mezani. Ni mapema zaidi, pale ambapo watoto huukanda unga wa hala. Unga hauna subira na mtu asiyesema. Anayetaka maji hana budi kuyaomba. Mwenye donge gumu lazima aseme ni gumu. Chachu hudai neno la kungoja na neno la kuumuka. Na kusuka mikia mitatu ya unga kwadai juu, chini, kati, vuta, achia. Vitenzi hivyo huja kwa sababu mikono yavihitaji.

Historia ya shule hizi yaonyesha nguvu ya jambo hilo. Eliezer Ben-Yehuda alifika Palestina mwaka 1881, na mwanawe aliyezaliwa mwaka 1882 akalelewa kwa Kiebrania peke yake, lugha ambayo kwa karne nyingi ilikuwa ya sala, vitabu na barua za wasomi, si ya kumbembelezea mtoto. Mwaka 1898 ikafunguliwa chekechea ya Kiebrania huko Rishon LeZion. Lugha iliyokuwa na maneno tele ya hekaluni na mahakamani haikuwa na neno la kawaida la mwanasesere! Ben-Yehuda akaunda neno buba, na hadi leo watoto wa Israeli wanalitumia. Nyimbo nazo zilikuwa chache, hata watunzi kama Levin Kipnis wakatumia sehemu kubwa ya maisha yao wakizitunga kwa ajili ya madarasa hayo na sikukuu zake. Mtoto alirudi nyumbani na maneno ambayo mama yake hakuyajua, na mama akajifunza kwa mtoto.

Sifa hiyo ina bei yake, na mhakiki asiyeitaja hatendi haki. Akina mama hao hawakuwa mabubu. Walisema Kiyidi, Kiladino na Kiarabu, lugha zenye methali na nyimbo za kubembelezea ambazo chekechea haikuziita darasani. Wako watoto walioona haya mama zao wakisema lugha za nyumbani mbele ya watu. Mkate ulifunikwa usione haya, mama hakufunikwa. Kwa upande wetu, karibu na Mbale nchini Uganda ipo jamii ya Abayudaya, iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, ambayo huimba zaburi kwa Kiganda na kwa Kiebrania pia. Lugha ya nyumbani haikutolewa nje ili lugha ya sala ipate kuingia.

Sasa nitaje udhaifu ulio mkubwa zaidi katika shughuli zenyewe. Katika nchi ambako watoto hawa hufundishwa kwa Kiingereza, Kiebrania huingia darasani kama wageni wachache wa heshima: jina la Sabato, jina la mkate, jina la kibweta, jina la sikukuu. Mtoto huyajua majina hayo yote na kuyaimba vizuri, lakini hana kitenzi cha kuyafunga pamoja. Ataonyesha mkate na kuutaja, hawezi kuuomba. Kazi za mikono nazo huelekea huko huko. Ikikaribia sikukuu ya mwaka mpya, ambapo tofaa huchovywa katika asali, hukatwa matofaa ya karatasi, yote mekundu, yote sawa, na mwalimu ndiye anayenyosha kingo. Kazi hiyo hupendeza ukutani, na wazazi hufurahi. Lakini ni mkono wa nani tunaouona pale?

Nisiwacheke walimu hao. Muhula mmoja nilipewa darasa la watoto wa nasari, wengi wao wakiwa wasemaji wa Kiganda na Kisoga. Niliwafundisha nyimbo tano na majina ya wanyama kumi na wanane. Wageni walipokuja tulipigiwa makofi. Wiki iyo hiyo mtoto mmoja alisimama mbele yangu, akanitazama, akanyamaza, kisha akajikojolea. Alijua kusema kifaru. Hakujua kusema naomba kutoka, na mimi nilikuwa nimewakataza lugha ya nyumbani saa za somo.

Tangu siku hiyo nimeifikiria sana desturi ya Pasaka ya Kiyahudi. Usiku wa karamu hiyo, kwa kawaida mtoto mdogo kuliko wote ndiye huuliza kwa nini usiku huu ni tofauti na mausiku mengine, nao wakubwa hawana budi kumjibu kwa kusimulia kutoka kwao Misri. Ni mpango wa ajabu: masimulizi yote ya wazee yaning'inia kwenye swali la mtoto. Ila chekechea hufanya nini? Hulikariri swali hilo kwa wiki kadhaa, kwa sauti na kwa tuni, mpaka linakuwa wimbo. Usiku ukifika mtoto huliimba, husifiwa, naye hangoji jibu. Swali limefishwa na mazoezi. Mapokeo yenyewe yalikuwa na ujanja zaidi, kwa kuwa wazee wa kale walielekeza kufanya mambo yasiyo ya kawaida mezani, hata kuiondoa meza kabla ya kula, ili mtoto ashangae na kuuliza kwa kinywa chake. Huko ndiko nilikokuta somo langu, si katika wimbo.

Muhula uliofuata nilileta unga wa chapati darasani, na chumvi, na mafuta, na mabakuli. Maji niliyaficha nyuma ya mlango. Nikawaambia wakande, nikakaa. Walikanda vumbi kwa muda mrefu, wakitazamana. Mwishowe yule yule mtoto alikuja, mikono imejaa unga, akasema, "Mwalimu, maji iko wapi?"

Upatanisho wa kisarufi ulikuwa na kosa. Nilikwenda kuyaleta maji.