Jicho la Kando ya Uwanja

Mpira ulikuwa umeenda upande wa kulia na macho ya watu wote yameufuata, isipokuwa ya mzee mmoja aliyesimama hatua mbili kutoka nilipokuwa. Yeye alikuwa akimwangalia beki wa kushoto, kijana wa miaka kumi na saba hivi, aliye mbali kabisa na mpira. Kijana aligeuza shingo, akaona winga wa wapinzani ameanza kunyemelea nyuma yake. Akamwita beki wa kati kwa mkono, naye mwenyewe akaingia ndani hatua tatu. Krosi ilipokuja alikuwa ameshafika, akaupiga kichwa ukatoka nje. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee akafungua daftari la shule lenye jalada la samawati, akaandika mistari miwili, akalirudisha mfukoni.

Ilikuwa kwenye uwanja wa shule moja viungani mwa Kitale, asubuhi ya baridi, umande bado haujakauka na Mlima Elgon umejifunika wingu. Mzee huyo tunamwita Mwalimu, kwa kuwa alifundisha shule ya msingi hadi akastaafu. Hana cheo katika klabu yoyote. Siku hiyo alikuwa ameombwa amtazame mshambuliaji nambari tisa, na akamtazama kweli, dakika ishirini, kisha akamwacha. Nimesimama naye kando ya viwanja vya Trans Nzoia na Bungoma kwa miaka kadhaa, na katika kazi zote za mpira sijaona ninayoiheshimu kuliko hii yake ya kumjua mchezaji kabla hajajulikana.

Ninaandika haya nikiiwaza Nzoia Sugar. Timu hii ya Bungoma, mtoto wa kiwanda cha sukari kilichoanzishwa 1975, ilipanda Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2017 ikadumu humo hadi iliposhuka daraja mwisho wa msimu wa 2023/24. Kiwanda chenyewe kilikuwa kimebeba madeni mazito, na mwaka 2025 serikali ikakikodisha kwa mwekezaji binafsi. Timu ya namna hii haina pesa za kubahatisha.

Lakini timu ikishuka, kilio cha mashabiki huwa kilekile: leteni majina. Wanamtaka straika aliyewahi kuvaa jezi ya Gor Mahia au ya AFC Leopards, mtu ambaye akishuka tu kwenye matatu pale Kanduyi watoto wanamkimbilia. Kiu hiyo naielewa. Nimekaa Uwanja wa Sudi jua likiniunguza, nikaona nafasi baada ya nafasi zikipotea mbele ya goli. Hata hivyo jina kubwa likifika Bungoma likiwa na miaka thelathini na mbili, mara nyingi ni kwa sababu milango mingine imeshafungwa. Litachukua fungu la mshahara ambalo lingelipa vijana watatu, na siku goti litakapogoma, timu itabaki na mkataba mkononi na pengo lilelile uwanjani.

Nzoia inaijua njia nyingine, maana imewahi kuipita. Mshambuliaji Elvis Rupia aliifungia mabao kabla ya kwenda Power Dynamos ya Zambia mwaka 2018. Msimu wa 2022/23, akiwa na Kenya Police, alifikisha mabao 27 na kuivunja rekodi ya mabao ya msimu mmoja ya Maurice Ochieng “Sonyi” iliyokuwa imesimama tangu miaka ya 1970. Kiungo Lawrence Juma naye alipita Bungoma kabla Gor Mahia haijamchukua. Wote wawili waliondoka, na sioni aibu katika hilo. Timu ya mkoa inayojijenga upya isajili ikijua kwamba mchezaji mzuri ataondoka, na iandike karatasi zake vizuri tangu siku ya kwanza. Sheria za FIFA zinazitengea klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23 asilimia 5 ya ada yake anapouzwa nje ya nchi. Klabu isiyomsajili kijana rasmi haina cha kudai.

Mwalimu hamwandiki mtu kwa mechi moja. Humwona mara tatu, na mojawapo lazima iwe ugenini. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, Bungoma iko chini yake kwa karibu mita 500. Kijana anayekimbia kama swala kwenye baridi ya Kitale humtazama tena akicheza saa nane mchana kwenye joto la Bungoma. Anataka kumwona amepokonywa mpira: je, anainua mikono kumlalamikia refa, au anageuka palepale kuutafuta? Anataka kumwona dakika ya themanini, miguu imechoka na timu inafungwa. Humtazama hata akiwa benchi, maana wapo wasiojua matokeo ya mechi wanapokaa nje.

Hata Ulaya imekuwa hivyo: Steve Walsh, aliyekuwa msaka vipaji wa Leicester City, alikwenda Le Havre kumtazama mchezaji mwingine, akarudi na jina la Riyad Mahrez. Leicester ikamsajili Januari 2014, na mwaka 2016 ilikuwa bingwa wa Uingereza. Jicho lile halikuhitaji kompyuta ghali. Lilihitaji kwenda, na kukubali kwamba aliyetumwa kumwona huenda siye.

Na huku kwetu si mbali kwenda. St. Anthony’s ya Kitale, wale tunaowaita Solidarity, wamekuwa miongoni mwa vigogo wa soka ya shule nchini kwa miaka mingi. Shule ya wasichana ya Wiyeta nayo imelea mabinti wanaojua mpira hasa, na timu ya wanawake ya Bungoma Queens ni jirani zao. Na kutoka Kitale ni barabara moja tu inayoshuka Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye.

Kuna sehemu moja ya kazi ya Mwalimu isiyoonekana uwanjani. Akishamkubali kijana, huenda kwao. Hukaa na mama yake, huuliza habari za karo, na kama kijana yuko kidato cha nne, husubiri amalize mtihani. Nimemwona akikataa kumpeleka kijana kwenye majaribio mwezi wa Oktoba, ingawa klabu ilikuwa ikimpigia simu kila siku. Mzazi aliyetendewa hivyo atamleta hata mdogo wa kijana huyo.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa Nzoia, na wa timu nyingine yoyote iliyoanguka ikataka kusimama: kabla dirisha la usajili halijafunguliwa, mtafuteni mtu wa aina hii. Soka ya shule za sekondari huchezwa muhula wa pili. Mpeni nauli ya kutoka Kanduyi hadi Kitale, mpeni daftari, na akirudi msikilizeni. Yule beki wa kushoto bado hajasajiliwa na mtu.