Fundi Anayetambaa Sebuleni

Nyumba nyingi za hapa mtaani Pasua zina sebule ndogo na sabufa kubwa. Sebule ilipimwa na mwenye nyumba aliyejenga kwa kuungaunga; sabufa ilichaguliwa na mpangaji aliyeisikia dukani, mlango wa duka ukiwa wazi na besi ikimwagika barabarani. Akifika nayo nyumbani haitambui. Kwenye kochi la ukutani inanguruma mpaka maneno ya wimbo hayasikiki, katikati ya zulia haipo kabisa, na pembeni mwa kabati inampiga kifuani. Anaongeza voliumu. Jirani anagonga ukuta.

Kosa si la sabufa, ni la chumba. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde kwenye hewa yenye nyuzijoto 20. Chumba chenye urefu wa mita 4 huitikia mlio wa hezi 43 hivi, maana wimbi la mlio huo lina urefu wa takriban mita 8, mara mbili ya chumba, na likigonga ukuta wa tofali za saruji hurudi karibu lote. Upana wa mita 3 huitikia hezi 57. Sasa chukua gitaa la besi: waya wake mnene kuliko zote, ukipigwa bila kubanwa, hutoa hezi 41, na unaofuata hutoa 55. Kwa hiyo mpigaji wa muziki wa dansi akigusa nyaya hizo mbili tu, sebule hii inadakia na kupiga naye. Noti inavimba, inakawia kufa, inaikanyaga noti inayofuata. Watu wanasema "sabufa hii ina besi nzito". Haina. Chumba ndicho kinachokoroma.

Nimewahi kumtazama fundi redio mmoja wa hapa akishughulika na ugonjwa huu kwenye sebule ya mama mmoja, na tangu hapo nimeuheshimu ufundi wake kuliko vifaa vingi vya bei. Jambo la kwanza alilofanya ni kuinyanyua sabufa na kuiweka juu ya kochi.

"Fundi, hilo dude unalipandisha kwenye kochi langu?"

"Samahani mama, kidogo tu. Likae hapo unapokaaga wewe, mimi nilitafutie pa kukaa."

Akawasha wimbo mmoja wenye besi inayotembea, akauacha ujirudie, kisha akapiga magoti. Akatambaa kando ya ukuta, sikio karibu na sakafu, akipita nyuma ya stuli, chini ya meza ya televisheni, hadi kona ya mlango. Penye mngurumo alipita. Palipo kimya alipita. Mahali ambapo noti zote zilisikika kwa kimo kinacholingana alivua kandambili akaiacha hapo iwe alama. Elimu ya jambo hili ni ya kweli kabisa: njia ya sauti kutoka kochini hadi ukutani ni ile ile kutoka ukutani hadi kochini, hivyo penye besi safi kwa sikio linalotambaa ndipo sabufa itakapotoa besi safi kwa aliyekaa.

Wenye uwezo siku hizi huongeza sabufa ya pili, na wengi hudhani ni kwa ajili ya makelele. Faida yake kubwa iko kwingine. Mwaka 2002 Todd Welti, mtafiti wa kampuni ya Harman ya Marekani, alichapisha hesabu zake kuhusu idadi ya sabufa zinazotosha chumba cha mstatili. Nne zinatosha; zaidi ya hapo faida ni ndogo. Na mbili zikiwekwa katikati ya kuta zinazotazamana zinafanya kazi kubwa kwa gharama ndogo. Katika sebule yetu, sabufa mbili katikati ya kuta fupi husukuma mlio wa hezi 43 kwa kupingana, ukajifia. Ule wa 57 nao haupati pa kushika, kwa kuwa zimekaa pale pale unapokuwa dhaifu. Mitetemo miwili mikubwa imenyamazishwa na hakuna kompyuta iliyowashwa.

Ila sabufa zenyewe ziwe zinasukuma kwa wakati mmoja; kupingana ni kwa mlio wa chumba tu. Yule fundi alipounganisha ya pili, besi ilipungua badala ya kuongezeka. Hakushangaa. Aliifungua mgongo, akabadilisha nyaya za spika, nyekundu kwa nyeusi, na chumba kikajaa.

Sabufa zikishapata mahali pake, ndipo inapoingia programu ya kurekebisha chumba. Zipo Audyssey, Dirac ya Uswidi, na REW ya John Mulcahy, ambayo huipakui kwa pesa. Kazi ya programu hizi ni kupiga mlio unaopanda kutoka chini kwenda juu, kuusikiliza kwa maikrofoni, kuchora vilima na mashimo ya chumba. Nyingi huendelea kutengeneza vichujio vya kuvisawazisha. Je, tofauti inasikika? Kwenye vilima, ndiyo, na huhitaji sikio la mwanamuziki. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba huku chini mabadiliko machache ya desibeli huonekana makubwa sikioni. Kilima cha desibeli 10 kikiondolewa, mngurumo unaondoka, na mkia wa noti unafupika pia.

Mashimo ni habari nyingine. Programu ni randa: inapunguza ubao, haiongezi. Ukiilazimisha iinue shimo kwa desibeli 10, unaidai amplifaya nguvu mara kumi, na wimbi linalojifuta huendelea kujifuta. Dawa ya shimo ni kuhamisha sabufa, au kuongeza nyingine.

Hata hivyo lipo eneo ambalo programu humshinda fundi, na sioni haya kulisema. Sabufa zikiwa mbili au zaidi na wasikilizaji wamekaa makochi matatu, kuchagua ucheleweshaji na nguvu ya kila moja ili wote wapate besi ileile ni hesabu isiyoingia kwenye magoti ya mtu. Programu zinazoishughulikia kila sabufa peke yake huiweza. Zile zinazozichukulia zote kama moja, sizisifu sana.

Tena programu zenyewe hazilingani. Mwaka 2009 Sean Olive na wenzake wa Harman walilinganisha bidhaa tano za aina hiyo, wasikilizaji wasijue ipi inafanya kazi. Nyingine zilipendwa, lakini si kila moja iliushinda mfumo ulioachwa bila kusahihishwa. Ukijaribu nyumbani, fanya vivyo hivyo: mtu mwingine awashe na kuzima, sauti iwe na kimo kimoja, maana kilicho juu kidogo siku zote huonekana kizuri zaidi.

Na kuna kinacholia ambacho si sabufa. Kwa yule mama ilikuwa kabati la vyombo. Fundi alilaza kiganja kwenye kioo, akakitoa, akakirudisha, kisha akachomeka kipande cha mpira wa tairi chini ya mguu mmoja. Vikombe vikanyamaza. Maikrofoni ingeipokea kelele ile, lakini hakuna kichujio ambacho kingejua kwamba ni vikombe.

Kwa hiyo mwenye sabufa moja, anza na magoti. Ukipata hela ya kitu kimoja, nunua sabufa ya pili kabla ya mtambo wenye programu. Ukishakuwa nazo mbili, azima maikrofoni ya kupimia, pakua REW, ukate vilima na uyaache mashimo. Na fundi akimaliza, usimlipe kwa kuhesabu nyaya alizogusa. Mlipe muda wote aliotambaa.