Je, mwili "unadai" udongo? Tukisoma Craving Earth tukiwa Iringa

"Mwili unadai." Hilo ndilo jibu utakalopewa ukiuliza kwa nini mjamzito anatafuna pemba, vile vijiti vya udongo vinavyouzwa sokoni na kwenye magenge. Shangazi atakwambia hivyo, jirani atakwambia hivyo, na siku hizi kuna video za dakika moja za kuthibitisha: ukitamani udongo umepungukiwa madini ya chuma, ukitamani chokoleti umepungukiwa magnesiamu. Ni maelezo matamu na yanaeleweka haraka. Lakini je, ni ya kweli?

Kati ya vitabu nilivyosoma, kilicholichukulia swali hili kwa uzito zaidi ni Craving Earth cha Sera L. Young, kilichotolewa na Columbia University Press mwaka 2011. Kinatuhusu moja kwa moja, kwa sababu mwandishi, ambaye ni Mmarekani, alifanya utafiti kwa wajawazito wa kisiwa cha Pemba (jina la kisiwa na la vijiti tusilichanganye). Kitabu kinahusu hamu kali ya kula vitu ambavyo si chakula, kama udongo, chaki na barafu, pamoja na wanga mbichi kama mchele usiopikwa. Kitaalamu inaitwa pica, jina la Kilatini la ndege anayesemekana kula chochote.

Uzuri wa kitabu ni kwamba hakimcheki mlaji wala hakimsifii. Young anaweka maelezo mezani na kuyapima: labda ni njaa, labda mwili unatafuta virutubisho, au labda udongo unalinda tumbo dhidi ya sumu na vijidudu. Kwa upande wa udongo, yeye anaegemea hilo la mwisho. Udongo laini wa mfinyanzi unaweza kunasa vitu vyenye madhara, na wanaoula sana ni wajawazito na watoto, yaani watu ambao kinga zao zinahitaji msaada.

Maelezo ya virutubisho ndiyo yanayoyumba. Ni kweli pica na upungufu wa damu huenda pamoja: tafiti zikijumlishwa, mwenye pica ana uwezekano zaidi ya mara mbili wa kuwa na upungufu wa damu. Ila kuongozana si kusababishana. Majaribio tangu miaka ya 1960 yameonyesha kwamba baadhi ya udongo wa mfinyanzi unazuia chuma kufyonzwa tumboni. Kwa hiyo anayeula ili aongeze damu anaweza kuwa anaipunguza. Pale Lusaka, wanafunzi waliokula udongo walipewa vidonge vya chuma katika jaribio lililochapishwa mwaka 2004, na tabia haikupungua kwa sababu ya vidonge hivyo. Kwa watafunaji wa barafu mambo ni tofauti: wengi wakipewa chuma, hamu huisha.

Sasa tuje kwenye homoni, sehemu ambayo kitabu kinahitaji nyongeza. Ipo hamu moja ambayo kweli inaendeshwa na homoni: ya chumvi. Sodiamu ikishuka, homoni kama aldosteroni hupanda na kumsukuma mtu kutafuta chumvi. Mwaka 1940 madaktari wa Marekani waliandika habari za mtoto aliyekula chumvi kwa mikono. Tezi zake zilizo juu ya figo zilikuwa zimeharibika, na alipolazwa hospitali na kupewa chakula cha kawaida, alifariki baada ya siku saba. Huyo mwili wake ulikuwa unadai kweli.

Chuma nacho kina homoni yake, hepsidini, inayotengenezwa na ini. Chuma kikipungua, hepsidini hushuka na utumbo hufungua mlango kufyonza zaidi. Tazama inaongea na nani: na utumbo. Hakuna anayejua njia ambayo homoni hiyo ingetumia kuuambia ulimi "tafuta udongo". Na kichefuchefu cha mimba, ambacho huwafanya wengi watafute kitu kikavu cha kutafuna, mwaka 2023 kilihusishwa kwa ushahidi mzito na homoni ya GDF15 inayotoka zaidi kwenye kondo la nyuma. Kitabu cha 2011 kisingeweza kujua hilo.

Lawama yangu nyingine ni juu ya ushahidi wa nadharia ya kinga. Young na wenzake walikusanya taarifa zaidi ya 480 za ulaji udongo, nyingi zikiwa za wamisionari, wasafiri na madaktari wa mashamba ya watumwa. Watu hao waliandika kilichowashangaza. Mila ambayo haikumshangaza mgeni huenda haikuandikwa kabisa. Pia kinga ina bei yake: utafiti wa Geita uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta karibu nusu ya wajawazito waliohojiwa wanakula udongo, na udongo wenyewe ulikuwa na arseniki.

Kwa nini hili ni zito kwa Iringa? Mkoa wetu unalisha nchi mahindi, lakini utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta takriban asilimia 57 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Udumavu una sababu nyingi, na lishe ya mama wakati wa ujauzito ni mojawapo. Ugali wa kila siku una chuma kidogo kinachofyonzwa kwa shida, na chai ya Mufindi tunayoshushia inazidi kukizuia. Mama akiambiwa "mwili unadai, kula tu", anaridhika na pemba na hapimwi damu.

Kwa hiyo someni kitabu hiki, ni kizuri, ila msikitumie kuhalalisha pemba. Hamu ya udongo ichukulieni kama kengele. Ikilia, mama asifokewe. Aulizwe vizuri, aende kliniki apimwe wingi wa damu, na vidonge vyake vya chuma avimeze vyote. Nyumbani, maharage, dagaa na mnavu viliwe pamoja na chungwa au pera, na chai isubiri saa moja hivi baada ya chakula.