Pampu Ile Haikupaswa Kuguswa

Kila ninayezungumza naye kuhusu Canter ile ya 4D33 iliyofungwa turbo ananianzia kwa sifa. Manifoldi ilivyochomelewa. Mlio ulivyopanda. Jinsi gari lilivyoukata mlima wa Kitonga na saruji mgongoni bila dereva kurudi gia ya pili. Mimi naanza pale injini ile ilipouawa, na iliuawa gerejini kabla haijauona mlima wowote.

Video mmeiona; imepita kwenye simu za mafundi kuanzia Gerezani hadi Mafinga. Irudieni pale turbo imeshakaa, injini inaunguruma, na fundi anainama upande wa pampu na spana na bisibisi. Anakata waya wa lakiri. Analegeza nati, anazungusha skrubu ya dizeli, anatazama ekzosi, anapiga resi, anazungusha tena. Moshi unatoka mweusi tii na vijana wanapiga makofi. Basi. Pistoni ya silinda ya tatu kuliwa kichwani, ringi kuganda kwenye mifereji yake, mwenye gari kubaki na viazi vya watu njiani: yote hayo yalianzia kwenye bisibisi ile.

Kazi nyingine ilikuwa safi, na bomba la kurudisha oili, pana na lililoshuka moja kwa moja hadi kuingia sampu juu ya usawa wa oili, ni la kuigwa.

Sasa skrubu. Turbo inaleta hewa. Nguvu inatoka kwenye dizeli, na kiasi cha dizeli kinaamuliwa na pampu. Ukiifunga turbo na kuiacha pampu ilivyo, dizeli ileile inaungua ndani ya hewa nyingi zaidi: moshi unapungua na joto la ekzosi linashuka. Kwa gari linalopeleka saruji Njombe faida hiyo haikuwa ndogo. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya tano. Injini isiyo na turbo hufika kule ikiwa imepungukiwa pumzi na inavuta moshi mlima mzima. Turbo peke yake, bila kuigusa pampu, ingeirudishia pumzi hiyo. Injini yenye kilomita zaidi ya laki sita haikustahili kuombwa zaidi ya hapo siku ya kwanza.

Badala yake iliongezewa dizeli kwa macho. Nataka tulitazame jambo hili polepole, kwa sababu nalisikia likitetewa na mafundi ninaowaheshimu. Wanasema moshi ndio kipimo. Haya. Dizeli ikiungua yote inahitaji hewa yenye uzito wa takriban mara 14.5 ya uzito wake. Ndani ya silinda vitu hivyo viwili havichanganyiki sawasawa, ndiyo maana moshi mweusi huanza kuonekana hata hewa ikiwa bado mara 18 au 20. Ukiuona umekuwa mzito, injini inakwambia dizeli imezidi. Fundi wetu aliambiwa hivyo waziwazi, akaelewa kwamba gari limepata nguvu.

Tena aliambiwa gari likiwa limesimama. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Ukipiga resi bila mzigo, gavana hukata dizeli mara mzunguko unapopanda. Skrubu ile hufanya kazi yake kamili pale tu injini inapolia na tani zake mlimani, mguu wa dereva sakafuni. Na bila mzigo hakuna ekzosi ya kutosha kuizungusha turbo ipasavyo, kwa hiyo hata hewa aliyokuwa akiilinganisha na dizeli yake haikuwa ile ambayo injini ingeipata Kitonga. Alirekebisha kitu ambacho pale alipokuwa hakiwezi kuonekana. Hakuna jicho la fundi, hata awe na uzoefu wa namna gani, linaloweza kupima dizeli ya mzigo kamili kwenye gari lililoegeshwa.

Kuna la pampu yenyewe. Pampu nyingi za injini za turbo kutoka kiwandani zina kiwambo juu ya gavana, kinachounganishwa kwa mpira na manifoldi ya hewa. Shinikizo likiwa dogo, kiwambo kinazuia dizeli, likipanda, kinaachia. Pampu ya injini isiyo na turbo haina kinga hiyo. Ukiifungua skrubu yake, umefungua dizeli yote kuanzia mzunguko wa chini, kabla turbo haijaamka. Mtazame dereva wa Canter anayebishana na kona za Kitonga, anayesita kurudisha gia kwa kuwa ameambiwa gari sasa lina nguvu: mzunguko uko chini, turbo inazunguka kivivu, pampu inamimina. Hapo ndipo joto hupanda kupita kiasi. Aloi ya alumini ya pistoni hupoteza sehemu kubwa ya uimara wake ikishapita nyuzi 350, na huwa imekwisha kulegea kabla ya 600. Wanaofanya kazi hii kwa uangalifu huweka kipima joto kwenye manifoldi ya ekzosi, kabla ya turbo, na kushika nyuzi 700 kama mpaka wa kuendesha kwa muda mrefu. Kwenye gari lile hakikuwapo. Kipima joto kile ni rahisi kuliko seti moja ya pistoni.

Nimeshaandika mara nyingi kuhusu themostati, na sitaacha. Injini hii nayo ilikuwa haina. Ilitolewa zamani, kwa imani ileile kwamba injini baridi ni injini salama. Injini isiyofikia joto lake hulika silinda na ringi, oili yake huwa tope, na kwenye injini nyingi kuitoa themostati huacha njia ya mkato wazi, sehemu ya maji ikazunguka bila kupita kwenye rejeta, hasa wakati wa mzigo mzito, injini inapoihitaji. Kwa hiyo turbo ilifungwa kwenye injini iliyokwisha kuliwa na fundi wa mwanzo, kisha ikamaliziwa na wa pili.

Je, kuna aliyepima kompresheni? Video ni ndefu na sijaona geji. Hata kufungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma, kuona inavyopumua, hakuna aliyefanya. Oili ya turbo hurudi sampu kwa uzito wake tu, haisukumwi na chochote. Ringi zikichoka, gesi ya silinda hupita kushuka chini, sampu inajaa shinikizo, oili inakosa njia ya kurudi, inapita kwenye sili za shafti inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, inaingia kwenye hewa. Injini ikianza kuinywa oili yake yenyewe, unaweza kukata dizeli na bado ikaendelea kupaa hadi ipasuke. Lile bomba zuri nililolisifu haliwezi kuizuia hali hiyo.

Waulizeni waliotengeneza. Mitsubishi ilikuwa na 4D33, kipenyo milimita 108 na mkwaju 115, cc 4,214, isiyo na turbo. Ilipotaka turbo kwenye familia ileile ilitoa 4D34: mkwaju uleule wa 115, lakini kipenyo 104, cc 3,907. Naisoma hivi: walikubali kuacha zaidi ya cc 300 ili wabaki na chuma kingi zaidi katikati ya silinda. Toyota hali kadhalika. 1HZ ya Land Cruiser ina kompresheni ya 22.4 kwa 1 na chemba ya awali. 1HD-T, dada yake wa turbo mwenye lita 4.2 zilezile, inanyunyiza dizeli moja kwa moja na kompresheni yake imeshushwa hadi 18.6. Bado kuna watu wanaibandika turbo 1HZ, wanaifungua pampu, halafu wanalalamika hedi imepata nyufa. Nimewajibu hao vya kutosha.

Na kabla yao, mwaka 1954, Volvo ilipotoa Titan Turbo, injini yake ya lita 9.6 ilitoka nguvu za farasi 150 hadi 185. Watu wenye kiwanda, maabara na injini mpya waliridhika na nyongeza isiyofika robo. Scania 111 iliyolima barabara zetu na injini yake ya DS11, lita 11 na turbo, karibu farasi 300, ilizaliwa hivyo. Hakuna aliyeinamia pampu yake na bisibisi akisubiri makofi. Wale mafundi wa enzi hiyo, wenye vyeti vya gredi ya kwanza, waliolea magari kama hayo na Scania zilizounganishwa kwenye kiwanda cha TAMCO, Kibaha, walikuwa wakiandika kompresheni ya kila silinda kwenye karatasi kabla ya kulegeza boliti moja. Pampu ilifunguliwa na mtu wa pampu, juu ya benchi ya pampu, akihesabu mililita za kila nozeli. Sijaona bado kizazi kilichowafikia.

Mtaniuliza: mwenye gari alilipia nguvu, angeridhika na moshi kupungua tu? Kama injini ingekuwa na afya, ningemruhusu aongezewe kidogo, baadaye, kwa utaratibu. Kwa ile ningemshauri aihifadhi fedha ya turbo na manifoldi, aongezee, anunue 4D34 kamili iliyotumika, pamoja na pampu yake yenye kiwambo.

Kwa sasa anatafuta bloku. Akishaipata na akitaka turbo tena, apeleke gerejini masharti haya: kompresheni ipimwe na iandikwe, themostati irudi, kipima joto cha ekzosi kifungwe mbele ya macho ya dereva kabla ya turbo kuwashwa, pampu ibaki ilivyo kwa safari nzima ya kwenda na kurudi Njombe ikiwa na mzigo. Geji ikionyesha nafasi, pampu ishushwe, ipelekwe benchi, iongezwe kidogo na kurudishwa, kisha gari lipandishwe Kitonga tena na mtu aliyekaa kando ya dereva akiisoma geji kona kwa kona. Gereji ikikataa sharti lolote kati ya hayo, alitoe gari lake siku hiyohiyo.