Refa Hayupo Mtaani

Mjadala wa sanaa za mapigano hauchelewi kufika pale pale. Atatokea mtu aseme kwamba ndondi, judo na mieleka ni michezo tu: ulingoni kuna refa, kengele na uzani, mtaani hakuna hata kimoja. Sanaa halisi ya kujihami, atasema, ni ile ya kutoboa macho na kuvunja koo. Hoja hiyo inavutia. Mimi naona imesimama kichwa chini, miguu juu.

Jigoro Kano alilishughulikia jambo hili mapema. Alipoanzisha judo mwaka 1882, kwenye mikeka 12 katika hekalu la Eishoji jijini Tokyo, alizichambua mbinu za jujutsu alizojifunza. Mapigo ya hatari aliyaweka katika kata, yaani miondoko iliyopangwa tangu mwanzo hadi mwisho. Kutupa, kubana na kupiga kabali alivipeleka katika randori, ambapo wawili hushindana kweli na hakuna anayemsaidia mwenzake kuanguka.

Tofauti hiyo ndiyo kiini. Pigo la jicho huwezi kulifanyia mazoezi kwa nguvu zote, la sivyo utamaliza wenzako. Utalifanya polepole, kwa mtu aliyekubali kusimama akusubiri. Lakini kumtupa mtu asiyetaka kutupwa unaweza kurudia kila jioni, na kesho yake mkasalimiana. Kanuni haikuidhoofisha mbinu; ndiyo iliyowezesha ipimwe.

Mwanafunzi wa Kano, Mitsuyo Maeda, alifika Brazil mwaka 1914, na elimu yake ikaingia katika familia ya Gracie. Novemba 1993, mjini Denver, Marekani, Royce Gracie aliwashinda wapinzani watatu usiku mmoja katika UFC ya kwanza. Katazo lilikuwa karibu la kuuma na kutoboa macho tu. Fainali aliimaliza kwa kabali, mbinu ambayo vibaka wetu wanaijua vizuri.

Hata hivyo, mashabiki wa ulingo wasishangilie mapema. Kanuni huufundisha mwili, na pia huusahaulisha. Shirikisho la kimataifa la judo lilianza kubana ukamataji wa miguu mwaka 2010, na mwaka 2013 likaupiga marufuku kwa wachezaji waliosimama. Kijana aliyekulia chini ya kanuni hiyo hana sababu ya kuilinda miguu yake, na kibaka hajaisoma.

Kubwa zaidi ni kukimbia. Mchezaji wa judo anayekwepa pambano huadhibiwa. Bondia anayempa mwenzake mgongo huzomewa. Lakini ukishuka daladala usiku na watatu wakakuzingira, kutoka hapo ukiwa hai ndio ushindi wote, hata kama simu imebaki mikononi mwao. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Kwa hiyo nasema michezo hii ni sanaa halisi, tena imejaribiwa kuliko nyingi zinazojiita za mauaji. Kujihami ni jambo pana zaidi yake. Kabla hujalipa ada ya mafunzo, muulize mwalimu maswali mawili: wanafunzi wako huijaribu lini mbinu hii kwa mtu anayekataa? Na siku gani mnajifunza kuondoka?