Kitanzi, Uzi na Masijala: Ila za Istilahi Tatu za Kompyuta

Mfasiri anayefuata neno kwa neno maelezo ya utendaji wa programu za kompyuta hupata istilahi tatu: "kitanzi cha ujumbe", "uzi wa mandharinyuma" na "mwito wa kurudi". Kila moja yaonekana kuwa Kiswahili. Zikikutanishwa katika sentensi moja hazimwambii msomaji kitu. Sheria ya mwaka 1998 na marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 havilingani kwa uzito, lakini vyote viwili vinahusu Lushoto. Ile ya 1998 iliunda Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilichoko huko. Ya 2021 yalifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Mashauri nayo sasa hufunguliwa kwa kompyuta. Karani akielezwa kwa istilahi mbovu kwa nini mtambo umeganda, atadhani umeharibika.

Tuanze na kitanzi. Kwa Mswahili, kitanzi ni cha kunasia au kunyongea, kiingiacho hakitoki. Dhana inayokusudiwa ni kinyume chake: kupokea ujumbe mmoja, kuutekeleza, kisha kurejea kungoja unaofuata. Ndiyo kazi ya masijala. Karani huchukua jalada katika trei, hulishughulikia, hurudi kwenye trei. Yafaa tuseme "mzunguko wa kupokea ujumbe".

Mandharinyuma ni neno la wapiga picha. Mtu akipigwa picha kileleni Irente, tambarare ya Mazinde ionekanayo nyuma yake ndiyo mandharinyuma. Uzi unaofanya kazi hauwezi kuwa mandhari. "Uzi" lenyewe halina ubaya, kwani hatua za kazi hufuatana kama uzi. Uongezewe "msaidizi", basi.

"Mwito wa kurudi" ndio mbaya kuliko yote. Hakuna anayeitwa arudi. Kuna agizo lililoachwa mapema ili litekelezwe jambo fulani litakapotokea. Ningeshawishika kuliita wosia, ila mwenye kuusia bado yu hai. "Agizo la akiba" latosha.

Sasa tuzipime. "Mwito wa kurudi haufiki kwa sababu uzi wa mandharinyuma hauna kitanzi." Nani ataelewa? "Agizo la akiba halitekelezwi kwa sababu uzi msaidizi hauna mzunguko wa kupokea ujumbe." Hapa hata asiye fundi huona kosa lilipo: tarishi asiye na trei ameachiwa jalada. Katika Android ndivyo ilivyo hasa. Uzi msaidizi wa kawaida hauna mzunguko mpaka mwandishi wa programu auundie. Katika Windows, ujumbe wa dirisha hupelekwa kwa uzi uliolifungua. Uzi huo ukishikwa na kazi ndefu usirudi kwenye mzunguko wake, ujumbe hurundikana na dirisha huganda.

Wapo watakaosema kwamba kufuata Kiingereza humrahisishia fundi. Fundi ajuaye Kiingereza hahitaji tafsiri. Tutazame neno "kitivo", tulilolipata katika lugha za milima ya Usambara na Upare, ambako ni ardhi yenye rutuba. Waliolichagua kwa idara kuu za chuo kikuu walitazama jambo lenyewe, hawakutazama umbo la neno la kigeni.

Limebaki tatizo moja katika pendekezo langu. "Mzunguko" hutumika pia kwa umeme na kwa fedha; kwa hiyo istilahi iandikwe kwa ukamilifu wake, wala isikatwe.